Mvumo wa Baraza

Katika Inkishafi, utenzi uliotungwa Pate na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yapata mwanzo wa karne ya 19, umo ubeti ambao wanafunzi huupita upesi ili wawahi kufika kaburini. Ni ule unaotaja kumbi zilizokuwa zikivuma kwa watu, ambazo sasa zinavuma kwa nyenje. Walimu husema: tazameni ubatili wa dunia. Wanasema kweli, na Sayyid mwenyewe ndilo alilolikusudia. Anauasa moyo wake. Anauonyesha majumba yaliyowashwa taa za kioo na za shaba hata usiku ukafanana na mchana, kisha anauonyesha popo, bundi, na madaka ya sahani za kichina yaliyogeuka viota vya ndege. Lakini msomaji asiyesomea mtihani hana budi kujiuliza swali moja. Mtu aliyeazimia kuipa dunia kisogo, kwa nini akumbuke sauti?

Taa ni mali. Sahani ni mali. Huhesabiwa, hurithiwa, huuzwa siku ya dhiki. Mvumo wa watu wanaozungumza si mali ya mtu, na mvuvi asiye na hata dau lake anao sawasawa na mwana wa mfalme. Hata hivyo mshairi ameuweka katika orodha ileile ya vilivyopotea. Hapo ndipo anapojifichua. Waadhi wake unasema kwamba furaha zile hazikuwa kitu, ilhali beti zake, kila mshororo kwa mizani zake kumi na moja, zinakihangaikia kila kitu kimoja kimoja kama mtu anayefuta vumbi vyombo vya marehemu. Hakuna anayeomboleza asichokipenda. Anayeisoma Inkishafi kama karipio tupu ameisoma nusu.

Sasa na waondolewe matajiri wa Pate, na taa zao na vitanda vyao vya msaji. Hubaki nini? Hubaki watu wanne, ukuta wa kuegemea, na kahawa. Hii ndiyo baraza, ambayo mpaka leo haijafa Unguja wala Lamu. Jumamosi, alasiri ikishasaliwa, anakuja mwenye dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana. Kashata hukatwa nusu kwa nusu. Wawili wanacheza dhumna, wa tatu anawakosoa wote wawili, na wa nne anasimulia kisa alichokisimulia Jumamosi iliyopita. Hapana amkatizaye. Wanajua pa kucheka, nao wanapangojea, na wakifika wanacheka kana kwamba kisa ni kipya. Furaha ya namna hiyo haina habari ya kuandikwa gazetini. Pengine ndiyo maana washairi wameidharau.

Kiswahili chenyewe, tukiitazama hesabu yake ya siku, kina neno la kusema hapa. Siku hizi husemwa “mwisho wa juma” kwa kufuata kalenda za ofisi, lakini Jumamosi ni siku ya mosi na Jumapili ni ya pili. Waliozipa siku hizo majina walianza kuhesabu pale ambapo ofisi imemaliza. Kwao kukaa na wenzi siku hiyo kulikuwa mwanzo wa hesabu, wala hakukuwa masalio ya kazi.

Mkali wa dini ataleta hoja kwamba huko ndiko kughafilika alikoonya Sayyid. Hoja ina uzito, ila aliyewahi kukaa barazani anajua kuwa adhana ya magharibi husikika, vikombe huachwa na vijicho vya kahawa ndani, na watu huondoka wakarudi.

Ushahidi ulio mzito zaidi uko Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, anatajwa sana kwa majibizano ya siasa ya zama za Mazrui. Lakini alitunga pia juu ya mapenzi, ufukara na fedha, mambo ambayo watu huzungumza wakiwa wamenyoosha miguu. Kiasi cha miaka 40 baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, aliyakusanya mashairi hayo kutoka kwa watu waliokuwa wangali wanayakumbuka. Diwani yake, iliyohaririwa na William Hichens, ilitoka Johannesburg mwaka 1940. Miaka yote ile kabla ya Sikujua, Muyaka alikaa wapi? Alikaa vinywani. Na kinywa hakikumbuki shairi kwa kunyamaza; hulikumbuka kwa kulitoa mbele ya mwenziwe, akakosolewa neno, akacheka, akaanza tena.

Washairi wa sasa, hata walio hodari wa vina, wana kasoro hapa. Rafiki katika mashairi yao karibu kila mara ni somo: ni mnafiki aliyefichuka, au ni mwema anayefaa kuigwa. Hanywi kahawa. Hana kicheko chake wala tabia yake ya kuficha kete ya mwisho. Wanatunga juu ya urafiki, hawatungi juu ya marafiki, na shairi likiisha msomaji hawezi kumtambua mtu huyo akikutana naye njiani. Sayyid Abdalla, aliyekuwa akihubiri, alikuwa mwaminifu zaidi kwa vitu kuliko hao wasemao kwamba wanausifu ulimwengu.

Wala si haki kuisifu baraza ya nje bila kutaja kwamba ni ya wanaume. Uani nako kuna alasiri yake: ukili unasukwa huku mikono ikienda yenyewe, hina inakauka miguuni na kumzuia mtu kuinuka, mmoja anaanza wimbo na mwengine anaumalizia kwa maneno asiyoyatarajia mwanzishaji. Mashairi ya huko mengi hayajaandikwa, na wanaoyajua wangali wanasuka.