Kazi Inayofanyika Begani

Muuguzi akishachomoa sindano na kukubandika pamba, yeye amemaliza. Begani ndipo kazi inapoanza, nami hupenda kuifuatilia kama ninavyoweza kukaa asubuhi nzima nikimtazama seremala.

Kilichoingia ni kidogo. Dozi ya chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19 kwa mtu mzima ilikuwa mililita 0.3, na ndani yake mikrogramu 30 tu za mRNA, uzi wenye maagizo ya kuunda protini. Uzi huo haukawii kukatikakatika, ndiyo maana hufungwa katika vitone vya mafuta vyenye upana wa nanomita mia hivi. Seli humeza kitone na kukitia kwenye kifuko chenye asidi ili kisagwe. Kumbe asidi hiyo ndiyo inayoyaamsha mafuta: hupata chaji, hung'ang'ania ukuta wa kifuko, hupenya. Vingi husagwa humo humo. Vichache vinavyoponyoka vinatosha kuifanya seli iunde mwiba wa kirusi bila kirusi chenyewe.

Ninachokistahi zaidi ni kipimo cha kelele. mRNA ya maabara ikiingia bila kurekebishwa, seli hupiga yowe kana kwamba imevamiwa, na uundaji wa protini hudorora. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walionyesha kwamba ukiigeuza kidogo herufi yake moja, uridini, yowe hupoa. (Nobel iliwafikia 2023; haikuwa na haraka.) Lakini ukimya mtupu nao haufai, maana hakuna askari wa kinga atakayekuja. Uchokozi unaobaki hutoka zaidi kwenye mafuta. Anayekaanga vitunguu vya pilau anaijua hesabu hiyo: ukiwahi kuvitoa havina rangi, ukichelewa vimeungua.

Katika panya, watafiti wameona kwamba seli zinazofuma nyuzi za kushikanisha nyama, ambazo hakuna anayezihesabu kuwa askari, nazo hutoa interferoni, protini ya kupiga mbiu ya hatari, pale penye sindano. Chembe nyeupe hukusanyika, bega huuma, nawe unalalia upande wa pili. Seli za dendriti hubeba habari ya mwiba hadi kwenye tezi za kwapa. Baadhi ya watu tezi hizo ziliwavimba.

Humo kwapani seli B, mama wa kingamwili, hujaribiwa na kuchujwa, zinazoushika mwiba vizuri zaidi zikibakizwa. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walidunga sindano nyembamba kwenye tezi za watu waliochanjwa, wakakuta mchujo bado unaendelea wiki 12 baada ya dozi ya pili. Bega lilikuwa limekwisha kusahau.