Ukuta, Utando na Gramu: Istilahi Zinazohitaji Kuangaliwa

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, bali kwa maana inayomfikishia msomaji. Kwa kipimo hicho, tuziangalie istilahi tatu zinazotumika kueleza umbo la bakteria.

Tuanze na ukuta wa seli. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, wala hatuoni sababu ya kuiondoa. Kasoro imo katika maelezo yanayofuatana nayo. Mwanafunzi akisikia ukuta hufikiria matofali na saruji. Kumbe ukuta wa bakteria umefumwa. Ni minyororo ya sukari iliyofungamanishwa kwa minyororo mifupi ya asidi amino, na mfumo huo huitwa peptidoglikani. Mfano ulio karibu zaidi ni tenga la nyanya katika soko la Kariakoo: fito zimepishana, nafasi zimebaki, na bado mzigo haumwagiki.

Ndani ya tenga hilo ndimo ulimo utando, ngozi nyembamba ya mafuta na protini inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Mfasiri anayeviita vyote viwili ukuta anamnyima msomaji tofauti kubwa: seli za mwanadamu zina utando, lakini hazina ukuta.

Tofauti hiyo ina uzito katika duka la dawa. Penisilini haipigi ukuta kwa nyundo. Huzuia ufumaji wake. Bakteria anayekua hubaki na tenga lenye matundu, na msukumo wa maji yaliyo ndani humpasua. Seli zetu husalimika, kwa kuwa hazina cha kufuma. Virusi navyo havina ukuta huo. Ndiyo maana penisilini haitibu mafua. Maelezo yasemayo tu kwamba dawa huua vijidudu hulificha jambo hili, na mgonjwa huweza kutoa fedha yake kwa dawa isiyomfaa.

Tumalizie na gramu. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alitangaza njia ya kuwatia bakteria rangi. Wenye ukuta mnene hubaki na rangi ya zambarau. Wenye ukuta mwembamba, uliofunikwa kwa utando wa pili upande wa nje, huipoteza wakioshwa kwa alkoholi, kisha hupokea rangi nyekundu. Anayeandika gramu chanya anampeleka msomaji kwenye mizani. Kukopa si kosa: jina Kariakoo lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likavaa matamshi ya Kiswahili. Lakini jina hilo lilikuta nafasi tupu. Gramu inakuta kiti kina mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza: ukuta uwe kwa kilichofumwa, utando kwa ngozi, na jina la Gram liandikwe kama alivyoliandika mwenyewe. Vijidudu wabaki katika mazungumzo. Katika vitabu na maelezo ya dawa, bakteria na virusi watajwe kila mmoja kwa jina lake.