Kupima Maelezo ya Akili Unde Shambani

Mkulima wa Momba akielekeza simu kwenye mmea mchanga wa mahindi ulioliwa, jibu la programu ya akili unde huja kabla hajainuka: kiwavijeshi vamizi, yule mdudu aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2017. Ubora wa programu hujulikana inapoulizwa imejuaje.

Maelezo mazuri hutaja kitu ambacho jicho linaweza kukikuta palepale, au kukikosa. Fungua majani machanga, mtoe mdudu. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kimraba. Programu inayoishia kusema "majani yametoboka" haijaeleza kitu, maana funza wa mabua naye hutoboa.

Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, huchora visanduku juu ya dalili ilizoziona kwenye jani. Navithamini sana visanduku hivyo, kwa kuwa vinamruhusu mkulima kubisha. Angalia kimoja kimekaa wapi: kikiwa juu ya udongo au kidole kilichoshika jani, hata jibu sahihi limepatikana kwa bahati. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walifundisha kwa makusudi mfumo mbovu wa kutofautisha mbwa mwitu na mbwa wa husky. Maelezo yake yalifichua kwamba ulikuwa ukitazama theluji iliyokuwa nyuma ya mnyama.

Jani moja ni ushahidi haba. Utafiti wa mwaka 2020 kuhusu magonjwa ya mihogo ulikuta Nuru ikipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31; kupima majani sita kwa kila mmea kuliipandisha Nuru hadi 74–88. Ni tarakimu za mihogo. Anayezitumia kuisifia programu kwenye kahawa ya Mbozi anatangaza kazi isiyopimwa.

Programu za mazungumzo zitazamwe kwa ukali zaidi, kwa sababu zinaweza kutunga sababu tamu baada ya jibu. Ikikuambia imetambua kutu ya kahawa kwa unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, uliza upya, uielezee jani lilelile bila unga huo. Jibu lisipobadilika hata kidogo, unga haukuwa sababu.

Kabla hujanunua dawa, lipeleke jani lenyewe kwa afisa ugani wa kata, au kama ni kahawa, kituo cha taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kilichopo Mbimba.