Mkeka wa Msiba na Mkeka wa Ubashiri: Uhakiki wa Mzaha juu ya Kifo cha Mzee Mashuhuri

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo cha Tanzania, neno mkeka lina makazi mawili. Ni kile kitandikwacho chini ili waombolezaji wakae. Tena ni orodha ya mechi ambazo mcheza kamari amezibashiri. Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, maana zote mbili husikika kila siku. Makala haya yanahusu mahali ambapo mikeka hiyo miwili inagusana: mzaha wa kubashiri ni mzee gani mashuhuri atakayefuata kufa.

Katika nchi za Magharibi mzaha huu umekuwa mchezo wenye kanuni. Mwanzoni mwa mwaka kila mchezaji huandika majina ya watu maarufu anaodhani watakufa, na mara nyingi alama hupatikana kwa kutoa umri wa marehemu katika 100. Aliyemtaja mtu wa miaka 95 hupata alama 5. Aliyemtaja wa miaka 60 hupata 40. Vijiweni Bariadi sijaona daftari wala kanuni, lakini swali lenyewe, "Sasa zamu ya nani?", nimelisikia mara nyingi baada ya kifo cha mtu maarufu kutangazwa. Baadhi ya wanafunzi wanaokusanya data za fasihi simulizi huuweka mzaha huu moja kwa moja katika utanzu wa utani. Hoja yangu ni kwamba uainishaji huo una kasoro. Kinachoruhusu kifo kifanyiwe mzaha si ucheshi wa kauli, bali ni deni lililopo kati ya msemaji na msemwa.

2. Deni la mtani

Tangu Radcliffe-Brown (1940) na, kwa upande wa Tanganyika, Moreau (1944), utani umeelezwa kuwa uhusiano wa ruhusa: mtu huruhusiwa kumdhihaki mwenzake, naye hatakiwi kukasirika. Nusu hii ya maelezo hunukuliwa sana. Nusu ya pili, kwamba mtani huyohuyo ana kazi msibani, hutajwa kwa kupita tu. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani hushiriki katika mazishi, huigiza mwendo na sauti ya marehemu, na huwachekesha wafiwa pale ambapo ndugu hawawezi. Anacheka kwa sababu anazika.

Kwa Wasukuma, wakiwamo Wanyantuzu wa Bariadi, utani ulio karibu zaidi na mada yetu ni ule wa babu au bibi na mjukuu. Tulinganishe kauli tatu:

(1) Babu, ufe basi nirithi ng'ombe.
(2) Yule mzee atakufa mwaka huu.
(3) Mzee wetu amefariki dunia.

Kauli ya (1) ni ya utani. Iko katika nafsi ya pili na dhamira tegemezi, msemewa yupo, anasikia, na anaweza kurudisha pigo: "Utatangulia wewe." Kauli ya (2) ni ya ubashiri. Iko katika nafsi ya tatu na njeo ijayo. Msemwa hayupo, na hana nafasi ya kujibu. Kauli ya (3), pale mtajwa anapokuwa hai, ni ya uzushi. Hutumia kiambishi -me- kana kwamba jambo limekwisha kutimia.

Zingatia uteuzi wa vitenzi. Mjukuu hutumia -fa bila kuifunika, kwa kuwa heshima imebebwa na uhusiano wenyewe. Mzushi huhitaji tasifida fariki, kwa sababu hana kingine cha kumfanya aaminiwe. Hivyo neno la adabu hutumika katika tendo lisilo na adabu, na neno kavu hutumika katika tendo la upendo. Mhakiki anayepima staha kwa msamiati pekee atapotoka katika kauli zote mbili.

Mfano wa uzushi upo. Mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto, alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla ya kufariki kwake tarehe 8 Agosti 2018. Mtu aliyewachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa alilazimika, akiwa mgonjwa, kuthibitisha kwamba yu hai. Huenda ikasemwa kwamba hadhira yake ilikuwa wajukuu zake, na kwamba ilikuwa na haki ya kumtania. Hoja hii ina uzito, lakini inajibiwa na kigezo kilekile. Waliomwombea na kumzika walikuwa wamelipa deni la wajukuu. Aliyeeneza kauli ya (3) hakulipa kitu.

3. Uhai kama masilahi

Kigezo hiki si cha Kiafrika tu. Katika Uingereza ya karne ya 18 watu waliweza kukata bima juu ya uhai wa watu mashuhuri wasiohusiana nao, ili wapate fedha wafapo. Sheria ya mwaka 1774 ilikataza bima ya aina hiyo: mkataji alipaswa kuwa na masilahi katika uhai wa anayekatiwa. Walichokitambua watunga sheria hao, mtani alikuwa akikijua kwa njia yake. Anayetaja kifo cha mtu lazima awe na cha kupoteza mtu huyo akifa.

4. Uchuro na uzito wa neno

Kiswahili kina kitenzi kinachoonyesha kwamba kubashiri kifo si kauli tupu: kuchuria. Anayesema "Usinichurie" hakanushi ukweli wa utabiri, anakataa tendo. Ndiyo maana utabiri wa Sheikh Yahya Hussein, kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2010, kwamba mwanachama wa CCM atakayeshindana na Rais Kikwete angekufa ghafla, ulipokewa na wengi kama kitisho badala ya habari za nyota.

Simiyu uzito huo si wa nadharia. Katika mikoa ya Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mara nyingi mauaji hayo hutanguliwa na kauli: ramli chonganishi inayomtaja mhusika wa kifo cha mwingine. Pale ambapo neno juu ya mzee limewahi kugeuka panga, swali la "zamu ya nani" haliwezi kuchukuliwa kuwa mchezo usio na mwenyewe.

5. Hitimisho

Sipendekezi mzaha wa kifo ukatazwe. Utani bila kifo umepungukiwa. Napendekeza kwamba kila data ya aina hii iambatane na majibu ya maswali matatu: je, msemwa anasikia? Je, anaweza kujibu? Je, msemaji atakuwapo kwenye mazishi? Pasipo majibu hayo, tutaendelea kuuita utani mkeka ambao hakuna atakayeukalia msiba ukifika.