Shingo ya bukini

Mdogo wangu aliyehamia Winnipeg ametuma kwa WhatsApp picha za bata bukini wa Kanada na vifaranga wao, alizopiga mwezi wa 5. Wengi wenu mmeziona kwenye simu yangu. Nyingi za kawaida tu: kapiga akiwa amesimama, tunaona migongo na nyasi.

Lakini ile ya saba! Hapo alilala kifudifudi, simu sawa na macho ya kifaranga. Manyoya ya njano yanawaka kwa jua la asubuhi, na nyuma yake shingo nyeusi ya mama (au baba, maana hulinda wote wawili) imenyooshwa, mdomo wazi, inamfokea mpiga picha.

Eti alitaka kuikata hiyo shingo, abaki mtoto peke yake. Nikamwambia, wee, usithubutu! Hapa kambini wageni wenye kamera wanatupigia watoto hivyo hivyo, mama yuko hatua mbili pembeni, nje ya picha. Anayeitazama anadhani ni yatima.

Kosa nililoliona ni kwamba alisogea mno. Angerudi nyuma kidogo, shingo ingeshuka, tungewaona wakila.