Mto Usio na Maji

Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, Ebrahim Hussein anamzamisha mhusika wake mkuu mtoni. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana, anatoweka majini, na watu wanabaki ukingoni wakimngoja. Anapoibuka analeta habari ya maji ya dawa, yale yatakayowaunganisha watu wa makabila mbalimbali wapigane na Wajerumani katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kwenye karatasi, kuzama huko ni mistari michache, na msomaji hufunua ukurasa akaendelea. Sisi tuliojitwisha kuuigiza mchezo huo katika ukumbi wa mtaa, wenye sakafu ya saruji na taa nne, tulikwama hapo hapo. Mto tungeutoa wapi?

Kwanza tulileta beseni. Halafu mtu akaja na kitambaa cha buluu, tukakitandika kutoka ukuta hadi ukuta. Mwelekezi wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alitazama mazoezi jioni mbili bila kusema neno. Ya tatu akaliondoa beseni, akakikunja kitambaa, akawapanga waigizaji mstari mmoja.

"Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi?" akauliza.

Kimya.

"Haya, mkishajua mniite." Akatoka nje kunywa chai.

Tulibishana mpaka kiza kikaingia. Mwishowe tukakubaliana kwamba mto unatoka upande wa mlango na kupotelea chini ya dirisha la mwisho; kwamba una kasi lakini hauna kelele; kwamba kingo zake ni za tope, kwa hiyo hakuna wa kukanyaga kwa kishindo. Kuyasema hayo kulikuwa kazi rahisi. Kuyaweka machoni kulituchukua siku nne. Mmoja akipeleka macho kulia ilhali wenzake wanayapeleka kushoto, mto mzima unakauka. Dada aliyeigiza Bibi Bobali ndiye aliyetuokoa: kila alipofika ukingoni alipandisha kanga yake vidole viwili tu, kama mtu asiyetaka kulowa. Hakufundishwa. Wengine walipomwona, miguu yao nayo ikaanza kuogopa maji.

Mimi sikuigiza. Kazi yangu ilikuwa kushika kitabu pembeni, tayari kumnong'oneza atakayesahau. Ni kazi isiyopigiwa makofi, lakini inakuweka mahali pazuri pa kuuona ufundi, maana maneno unayo mkononi na unaona wazi ni kiasi gani cha mchezo hakimo katika maneno.

Chukua sauti. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya mwisho kabisa hupenda kuzama. Barazani hakuna shida, kwa sababu unayezungumza naye yuko karibu. Jukwaani, irabu hiyo ikimezwa, aliyekaa nyuma anapata mchezo mwingine. "Wapige" ni amri. "Wapiga" ni habari. Katika mchezo wa vita tofauti ya e na a ni tofauti ya mtu kuagiza mauaji na mtu kuyasimulia. Mwalimu alikuwa akikaa kiti cha mwisho kabisa, amegeuza uso ukutani, na kila irabu iliyopotea aliiomba irudishwe. Kijana wetu mmoja alirudia sentensi moja hadi wauza maandazi wa nje wakaikariri.

Kisha kuna kungoja, ambako ni kugumu kuliko kusema. Bibi zetu walilijua hilo kabla hatujajengewa ukumbi wowote. Msimulizi akisema "Paukwa", hafungui hadithi mpaka aitikiwe "Pakawa". Ndani ya ile nafasi ndogo hadithi inahama kutoka mdomo mmoja na kuwa mali ya kila aliyeketi. Hussein mwenyewe aliirudia hazina hiyo mwaka 1976, alipochapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo iliyojengwa juu ya sanaa ya usimulizi. Mwigizaji mchanga huogopa kimya. Akinyamaza sekunde mbili hudhani ameonekana kasahau. Aliyekomaa hukiacha kimya kifanye kazi.

Hiyo ni sehemu tamu. Ipo na sehemu chungu. Fundi cherehani anaweza kushona usiku peke yake. Sisi tulihitaji watu kumi na wawili wawepo mahali pamoja, saa moja, na wote wana riziki ya kutafuta. "Leo Kitunda yuko zamu." "Mkichi amepata abiria wa mbali." Tuliitana hivyo, kwa majina ya wahusika, kwa hiyo mtu wa nje angedhani vita vya Majimaji vinakwamishwa na bodaboda. Nauli ilitoka mfukoni mwa kila mmoja, na maleba yalitoka katika masanduku ya mama zetu.

Uchungu mwingine ni kwamba tumezoea kuzisoma tamthilia kwa ajili ya mtihani. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaweza kukuorodheshea dhamira za Kinjeketile, ila hawajawahi kumwona akitoka majini. Siulaumu mtihani, ndio umezifanya tamthilia zetu ziendelee kuchapishwa. Lakini mwandishi wa tamthilia huacha makusudi nafasi ambayo kitabu hakiwezi kuijaza, na nafasi hiyo haina alama kwenye karatasi ya majibu.

Wanaoijaza ni watu, na ndiyo maana sanaa hii huwatia wengine hofu. Katika kijiji cha Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na vijana wakatengeneza maigizo kuhusu mambo ya pale pale, zikiwemo mimba za wasichana wa shule, na mjadala wa wanakijiji ukawa sehemu ya onyesho. Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao uwanja wa wazi wa kukaa watu 2,000 hivi, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wapita njia walisimama kuwarekebisha waigizaji. Kibali kilifutwa Novemba 1977, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Kitabu kingeweza kupigwa marufuku kikabaki kimefichwa chini ya godoro. Hapa palibomolewa mahali pa watu kukaa pamoja.

Sisi hatukumtisha mtu yeyote. Tulicheza usiku mmoja. Watu walikaa mikekani, pande tatu, na nusu yao walikuwa watoto. Mwanzoni mtoto mmoja alilia, mama yake akambeba akatoka naye nje kumbembeleza. Kinjeketile akazama. Waigizaji wakabaki ukingoni, macho yakifuata mkondo kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikafuatisha kwa kidole kwenye kitabu: hapakuwa na neno la kunong'oneza.

Ndipo yule mama akarudi, mtoto kalala begani. Mkeka wake ulikuwa ng'ambo, hatua sita tu kwa kukatisha katikati ya ukumbi. Alifika pale tulipopaita ukingo, akasita, akapandisha kanga yake kidogo, akazunguka ukuta mzima mpaka akafika kwake. Hakuna aliyecheka. Sidhani hata kuna aliyeshangaa. Sakafu ilikuwa kavu kama jana yake.

Asubuhi tuliufagia ukumbi, tukarudisha kanga kwa wenyewe. Hakuna picha iliyounasa mto ule, na hata kama ingekuwepo ingeonyesha saruji tupu.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji: ukisikia kuna mchezo mtaani kwenu, nenda, na kama kuna kiingilio lipa, maana waliofika pale wamejilipia nauli. Ukichelewa, usikatishe katikati. Pita kandokando ya ukuta. Pale pana maji.