Pijo Katika Picha ya Mjerumani

Picha za zamani za Bagamoyo zina ugonjwa mmoja: karibu zote zinaambiwa ni za "enzi za Mjerumani". Picha ikiwa na mlango wa nakshi, ukuta uliobanduka lipu na mzee mwenye kanzu, basi imekwisha hiyo, ni Mjerumani. Utazikuta kwenye kuta za nyumba za wageni, kwenye meza za wauza vinyago, na kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Pwani, ambako kila anayeituma huongeza neno moja la huzuni na kuisukuma mbele.

Ninayotaka kuizungumzia ni mojawapo ya hizo. Nimeiona mara nne katika sehemu nne, na kila mara imekuwa ya kahawia zaidi. Nakala ya kwanza ilikuwa nyeusi na nyeupe ya kawaida, kali, yenye vivuli vya saa nne asubuhi. Ya mwisho, iliyotundikwa kwenye ukuta wa mgahawa mmoja upande wa kaskazini mwa Dar es Salaam, ilikuwa na rangi ya chai iliyokaa, na pembeni imechanwachanwa kwa programu ya simu ili ionekane imetoka sandukuni mwa bibi. Mtu alikaa chini akaizeesha picha kwa makusudi. Chini yake: "Bagamoyo, enzi za Mjerumani".

Ni mtaa mwembamba wenye nyumba za ghorofa moja, vibaraza vya mawe pande zote mbili, wa aina ya Mtaa wa India pale mjini. Wanaume wawili wamekaa barazani, mmoja na kofia ya mkono. Mwanamke aliyevaa buibui anavuka kutoka kushoto. Mtoto wa kiume, pengine wa miaka minane, ameweka kiganja juu ya boneti ya gari. Gari limeegeshwa upande wa kushoto wa mtaa, sura ikitutazama sisi. Nyuma yake kabisa, pale mtaa unapopinda, limesimama Land Rover.

Hilo gari la mbele ndilo linaloharibu biashara yote ya maelezo.

Tuanze na Mjerumani mwenyewe. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wao hadi 1891, makao yalipohamishiwa Dar es Salaam. Carl Benz alisajili gari lake la magurudumu matatu 1886, kwa hiyo Bagamoyo ilipokuwa na hadhi hiyo, gari lilikuwa bado kitu cha kuchezewa na matajiri wachache huko Ulaya. Kuna Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam kwa gari mwezi Agosti 1907, luteni Paul Graetz, akakata bara zima hadi Swakopmund, Namibia ya leo, na kufika Mei 1909. Gari lake la Gaggenau lilikuwa refu kwenda juu, lenye magurudumu makubwa kama ya mkokoteni. Gari la enzi za Mjerumani, kama lipo, linafanana na hilo. Halina boneti bapa, halina kioo cha mbele kilichopinda kistaarabu, halina bampa ya kung'aa. Waliotundika ile picha walikuwa na ushahidi huu mbele ya macho na hawakuutazama, maana gari likishakuwa la zamani kwao ni la zamani tu. Kati ya Graetz na lile gari kuna vita viwili vya dunia.

Kulitambua gari kwenye picha ni kazi ya uvumilivu, na ina raha yake. Mtu wa kawaida hutafuta jina au nembo. Fundi hutafuta mistari. Volkswagen yenye mgongo wa kobe, kwa mfano, inasomwa nyuma: dirisha la nyuma lililogawanywa mara mbili ni la kabla ya 1953, la duara lililolala kama yai ni la kati ya hapo na 1957, na baada ya hapo likawa kubwa la pembe nne. Morris Minor husomwa mbele, kwa kuwa kioo chake kilikuwa vipande viwili hadi 1956, kisha kikawa kimoja. Ford Anglia iliyotoka 1959 haihitaji hata miwani, kioo chake cha nyuma kimeinama kuelekea ndani kana kwamba mtu alikifunga kinyume. Land Rover nazo zina saa yao. Taa za mbele zilikaa katikati, karibu na shoo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamia kwenye madigadi. Ile iliyo nyuma ya picha yetu ina macho ya karibukaribu, yaani ni ya kabla ya kuhama huko.

La mbele lilinisumbua zaidi, na sababu inaitwa Farina. Kiwanda cha usanifu cha Italia, Pininfarina, kiliwachorea Waingereza Austin Cambridge ya 1959, kikawachorea Wafaransa Peugeot 404 iliyotoka 1960, na ukiziweka pamoja kwenye picha yenye ukungu utadhani ni ndugu wa baba mmoja. Pembe zile zile za nyuma zilizochongoka, paa lile lile, uso ule ule mpana. Koloni la Waingereza lingekufanya uikimbilie Austin. Lakini katikati ya shoo kuna kitu kidogo kinachong'aa, na nilipoikuza nakala ile ya kwanza, isiyochakachuliwa, kilikuwa na mikono miwili iliyonyanyuliwa. Simba wa Peugeot.

Niliipeleka hata hivyo kwa mzee mmoja mwenye gereji Bunju, chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete." Akaishika simu mbali na uso, kama wazee wanavyofanya. "Hii Pijo. Foo-oo-foo. Gia yake hapa kwenye usukani." Akatikisa mkono hewani, akabadilisha gia ambayo haipo. Hakuuliza ni ya wapi wala ya lini. Haikumchukua hata sekunde tano, mimi nilitumia jioni mbili.

Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1960, na gari likihesabiwa muda wa kutengenezwa, kupakiwa melini na kushushwa bandarini, tunakaribia sana Uhuru wa Desemba 1961, na uwezekano mkubwa tumeshauvuka. Na 404 haikuwa gari geni pwani hii. Kati ya 1963 na 1968 ilishinda mbio za Safari mara nne, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Mtoto wa miaka minane wa wakati huo alikuwa na sababu ya kutaka kuigusa boneti.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenda magari wa zamani hulisahau kwa furaha. Gari linakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Halikuambii haiwezi kuwa ya baada ya lini. Ufaransa waliacha kuunda 404 saluni katikati ya miaka ya 1970, lakini huku gari halifi kwa sababu kiwanda kimeacha. Hata mtaa kuwa mtupu si ushahidi wa ukale. Kuna miaka Tanzania magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta, na mtu aliyepiga picha barabarani jioni ya siku hiyo alipata mji unaofanana na wa babu yake.

Kinachofunga upande wa pili ni chumvi. Yeyote aliyeishi kati ya Kunduchi na Bagamoyo anajua upepo wa bahari unavyokula bati. Miaka michache tu, na chini ya milango kunaanza kutoboka, bampa inapoteza mng'ao na kuota madoa kama surua. Pijo ya kwenye picha ina bampa inayorudisha jua. Vifuniko vya ringi vyote viwili vinavyoonekana vipo, na rangi haina kiraka. Gari hili halijala chumvi nyingi. Namuamini mtu atakayeniambia ni miaka ya 1960. Atakayeniambia 1980 itabidi anioneshe banda alilokuwa akilificha.

Sasa, kwa nini mtu ajali? Miaka hamsini huku, miaka hamsini kule, mtaa ni ule ule.

Najali kwa sababu ya wale wawili barazani. Ukiwaweka enzi za Mjerumani, ni raia wa mtu mwingine: watu wa kodi ya kibanda na kiboko, wametulia kwa sababu wameshindwa. Ukiwarudisha mahali gari linapowaweka, ni watu ambao huenda wameshapiga kura na wamemsikia Nyerere redioni. Ule utulivu wao si wa kushindwa, ni wa saa nne asubuhi na kahawa. Maelezo ya maneno matatu yamewanyang'anya uhuru waliokwisha kuupata, na yamefanya hivyo ili chumba kilipiwe bei nzuri zaidi. Utalii unaipenda Bagamoyo iliyokwisha kufa, yenye misafara, pembe za ndovu, Boma na msalaba wa wamisionari. Bagamoyo yenye Pijo mpya na mtoto anayeishangaa haina mahali pa kutundikwa.

Na kuna mwenye gari. Katika mji mdogo wa pwani miaka ile, gari kama hili lilikuwa la mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi mwenye duka kwenye mtaa huo huo, au la ofisa, au la misheni. Ndiyo maana mwaka una uzito. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Aprili 1971 ikaja sheria iliyotaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na familia nyingi za Kihindi zikafunga milango zikaondoka nchini. Milango ya picha yetu iko wazi. Vitambaa vinaning'inia kwenye duka la tatu. Tunautazama mtaa katika miaka michache kati ya bendera mpya na makufuli, na hicho ni kipindi ambacho hatuna picha zake nyingi za kuzichezea.

Gari la Ulaya, kwa njia, lilituachia hata neno la kugombana nalo. Wabenzi, tuliwaita wakubwa waliokaa viti vya nyuma vya Mercedes huku wakihubiri kujifunga mkanda. Hakuna aliyewaita watu "wapijo". Pijo ilikuwa gari la mtu anayefanya kazi, inabeba magunia nyuma na inaanza asubuhi. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yamehifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana na baadaye Nyerere, na ni vizuri. Pijo za wenye maduka zimeuzwa kwa kilo.

Ila nina ugomvi na wenzangu wa magari pia. Nimekaa kwenye mazungumzo ya picha hii mara kadhaa, na mwendo ni ule ule. Mwanamume wa kwanza anasema Austin. Wa pili anacheka, anasema Pijo. Wa tatu analeta ukubwa wa injini. Saa moja inapita na hakuna aliyesema neno juu ya mwanamke wa buibui, ambaye yuko mbele kuliko gari, mkubwa kuliko gari, na ndiye pekee anayemtazama mpiga picha usoni. Hana furaha. Amekunja upande wa vazi mdomoni, kama anavyofanya mtu aliyetolewa faragha yake bila kuulizwa. Roland Barthes, katika kitabu chake cha 1980 juu ya picha, alishikilia kwamba nguvu ya picha ni kuthibitisha kuwa kitu kilikuwepo. Sawa. Lakini angalia nani anathibitishwa: gari tunalijua kwa jina, kwa mwaka, kwa mchoraji na kwa nchi. Mwanamke tunajua tu kwamba alikuwepo.

Gari lina katalogi. Kiwanda kiliandika kila badiliko la taa na kila mwaka wa bampa, ndiyo maana mtu wa leo anaweza kukaa na simu akalisoma. Vazi la mwanamke wa pwani nalo hubadilika, ushonaji wake, jinsi linavyofungwa, na kama angekuwa amevaa khanga, maneno yake yangetupa fununu ya wakati kama namba ya gari. Wanawake wazee wa Bagamoyo wanaweza kulisoma kwa sekunde tano, kama fundi wa Bunju alivyosoma Pijo. Katika zile mara nne nilizoikuta picha hii, wanaobishana walikuwa wanaume na wanabishana injini. Hatua inayofuata, kwa hiyo, haiko gereji.

Kwa sasa, ningekuwa na ruhusa ya kubandua yale maelezo ya mgahawani, ningeacha rangi ya kahawia kwa kuwa haitoki tena, na chini yake ningeandika: "Bagamoyo, baada ya 1960, saa za asubuhi. Peugeot 404 na Land Rover. Wanaume wawili, mtoto, na mwanamke ambaye hakutaka kupigwa picha."